Dirisha la Benchi la Tatu

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma.

Ya pili ilimpata Lucius.

Ozella Rideau hakugeuka kumtazama. Alikanyaga mafuta mpaka mguu ukagota sakafuni, na ile Chevrolet Bel Air ikavuka reli kwa kuruka, ikatua kwa kishindo upande wa pili. Nyuma yake kulikuwa na pikapu nyekundu aina ya Ford, wazungu wawili ndani, mmoja ametoa nusu ya mwili dirishani na bunduki mkononi. Ilikuwa saa saba mchana, Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka wa sitini na sita, jua linawaka, na barabara ya kokoto ya kwenda Tolliver, Louisiana, haikuwa na mwingine wa kushuhudia.

"Lucius, kaza kidonda."

"Nimekaza. Hakikaziki."

"Basi nyamaza, usipoteze pumzi."

"Miaka sitini nimenyamaza, dada. Leo niache niongee."

Lucius Fontenot alikuwa mfagizi katika jengo la benki ya zamani mjini. Alifagia ghorofa tatu za chini kwa mshahara, na ghorofa ya nne kwa ajili yetu, watu weusi wa Tolliver. Huko juu mlango uliandikwa Utafiti wa Misitu, lakini wale wazungu saba waliotumwa na serikali hawakuwahi kupima hata mti mmoja. Tuliwaita Ghorofa ya Nne. Ndio waliosikiliza simu zetu. Ndio waliomwandikia mke wa Harlan, kaka yake Ozella, barua za uongo mpaka akafungasha akahamia Chicago. Na mkubwa wao, Bwana Pruitt, alikuwa na tabia moja mbaya kwa jasusi: alitupa karatasi kapuni bila kuzichana.

Risasi ya tatu iling'oa kioo cha pembeni.

Ozella alihesabu kona. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu aliingia ghafla katika njia ya magogo, kati ya misonobari, akavuta breki, akazima gari. Akachomoa Winchester ya risasi za marisau chini ya kiti. Akatoka, akapiga goti nyuma ya kisiki.

Pikapu ilikata kona kwa pupa.

Alimpiga dereva kwanza. Kioo cha mbele kikawa chekundu ndani. Pikapu ikayumba, ikakita kwenye msonobari, na yule wa dirishani akarushwa kokotoni. Alijaribu kuinuka. Alikuwa na beji ya askari wa sherifu kifuani na mkono wake ulikuwa unapapasa bastola.

"Wewe msichana," alisema, "unajua mimi ni nani?"

"Najua," Ozella alisema, akafyatua.

Aliporudi garini Lucius alikuwa anatazama paa.

"Kiatu cha kushoto," Lucius alinong'ona. "Mwambie Harlan kesho asiende kanisani."

Hakusema tena. Ozella alimfumba macho, akamvua kiatu. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: mchoro wa kanisa letu, mabenchi yote, mimbari, milango. Benchi la tatu kushoto lilikuwa na alama ya msalaba. Dirisha la ubavuni mwake lilizungushiwa duara. Chini palikuwa na maneno machache yaliyopigwa taipu: Jumapili, dirisha likifunguliwa.

Ozella alikaa dakika nzima akilitazama lile duara. Kisha akafungua redio ya Motorola chini ya usukani.

"Mwiko kwa Chungu," aliita, kwa majina yao ya siri.

"Chungu nakupata. Sema," kaka yake alijibu.

"Lucius ametutoka."



"Waliomuua?"

"Nao hawapo."

"Njoo nyumbani, Mwiko."

*

Ozella alikuwa na miaka thelathini na minne. Aliwahi kuwa askari wa mitambo ya redio katika jeshi la Marekani, huko Ujerumani, akarudi Tolliver na kukuta kazi pekee aliyowekewa ni ya dobi hotelini. Akaikubali bila kulalamika. Wale wa Ghorofa ya Nne walilala hoteli hiyo hiyo, na nguo chafu zina mifuko. Kamera ndogo aina ya Minox aliyokuwa nayo alikuwa ameikuta mfukoni mwa suruali ya mmoja wao, na mwenyewe hakuthubutu kuiulizia.

Kaka yake, Harlan, alikuwa mkuu wa Walinzi wa Mlango. Wanaume arobaini, wengi wao wa kiwanda cha mbao, waliochoka kuona nyumba zinachomwa wao wakiimba tu. Hawakumtafuta mtu. Lakini aliyekuja na kiberiti alikuta bunduki barazani.

Na Harlan alikuwa na jambo zito kuliko bunduki. Alimwona sherifu, kwa macho yake mawili, akimpiga risasi mwalimu Desmarais huku mwalimu ameinua mikono. Jumatatu saa tatu asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya jaji New Orleans na kulisema hilo chini ya kiapo. Wengine walioona walikuwa wameshapoteza kumbukumbu. Harlan akifa kabla ya Jumatatu, kesi inakufa naye.

"Kesho hukanyagi kanisani," Ozella alimwambia jikoni. Damu ya Lucius ilikuwa bado imemkauka mikononi.

"Nitakanyaga."

"Harlan, usiniletee ukaidi wa nyumbu."

"Kesho ni Sikukuu ya Mama." Harlan aliongea polepole, kama kawaida yake. "Tumemzika Januari. Ndiyo mara ya kwanza navaa ua jeupe. Unataka jina la mama lisitajwe kwa sababu mimi nimejificha uvunguni? Halafu Jumatatu jaji aniamini, watu wangu wasiniamini?"

"Maiti hatoi ushahidi."

"Basi wewe hakikisha siwi maiti. Si ndiyo kazi yako?"

Ozella alitamani kumrushia sufuria. Badala yake akamwekea mchoro mezani.

"Benchi lako umebadilisha lini?"

"Alhamisi. Zamani nilikaa la kwanza."

"Nani anajua?"

Harlan aliinua vidole vitatu, akaona mwenyewe alichokuwa amekisema.

Dewitt Cormier. Roosevelt Tibbs. Clevon Meeks. Walinzi wake watatu wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na shati la Harlan lilikuwa na vifungo vitatu tu.

Ozella alimshuku Dewitt. Alikuwa mlevi, mdomo mchafu, kila siku anagombana. Roosevelt alikuwa shemeji wa dereva wa sherifu. Clevon ndiye hakumfikiria kabisa. Clevon alikuja miezi kumi iliyopita kutoka Alabama, kijana mtaratibu, fundi wa bunduki. Mama yake alichomwa moto ndani ya nyumba na watu waliofunika nyuso. Alilisimulia jambo hilo tangu mkutano wa kwanza, na kanisa zima lilimwaga machozi. Tangu siku hiyo Mama Eula Batiste, mkuu wa akina mama wazee, alimpikia kila Jumapili kuku na majani ya haradali.

"Kesho nasimama mlangoni mimi," Ozella alisema. "Maua nagawa mimi."

*

Kwetu Sikukuu ya Mama haina mjadala. Mwenye mama hai anavaa ua jekundu. Aliyefiwa anavaa jeupe. Hata mtu asiyeenda kanisani mwaka mzima, siku hiyo atakuja, atasimama mlangoni, na atasema lipi lake. Na hakuna mtu, hata mwendawazimu, atakayevaa jeupe mama yake akiwa anapumua. Hilo ni kumwitia kifo.

Saa nne na nusu asubuhi Ozella alikuwa mlangoni, gauni jeupe la wahudumu, glavu nyeupe, kofia yenye pini ndefu ya chuma, kikapu mkononi. Juu, waridi za bustani ya Mama Eula. Chini ya waridi, Colt ya risasi sita.

Harlan alifika kwanza. Ozella alimpachika jeupe.

Roosevelt alikuja na mama yake ubavuni, kikongwe anayejua kugomba. Jekundu.

Dewitt alikuja ananuka mchuzi wa jana na pombe ya juzi. "Nipe jeupe, Ozella, na usinitazame hivyo. Leo silewi. Leo ni ya Pearlie." Macho yake yalikuwa yameshalowa kabla hajafika kwenye benchi.

Kisha Clevon. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa.

Ozella alikuwa ameshashika jeupe na pini tayari. Hakufikiria mara mbili. Nani asiyejua habari ya mama yake?

Clevon alilitazama lile ua. Mkono wake ukalipita, ukachukua jekundu.

"Hapana, dada. Mama Eula ananipikia, ananipigia pasi. Ndiye mama yangu siku hizi."

Mama Eula, aliyekuwa nyuma yake, alishika kifua kwa furaha. "Sikieni mtoto huyu jamani! Wangu wa kuwazaa hawajawahi kunisifu hivyo."

Watu walicheka. Ozella naye alicheka, akampachika lile ua jekundu, akampisha.

Lakini alimfuata kwa macho mpaka kwenye benchi. Mtoto aliyelelewa na wanawake kumi bado humvalia jeupe yule mmoja aliyemzaa. Mtu ambaye mama yake ameteketea kwa moto hawezi kumkosesha ua lake.

Halafu akajiambia pengine ni uchungu tu. Huwezi kumuua mtu kwa sababu ya waridi.

*

Benchi la tatu, Harlan. La nne, nyuma yake, karibu na dirisha, Clevon. Dirisha limefungwa. Joto lilikuwa la kuoka mkate, na pepeo za karatasi zilizogawiwa na kampuni ya mazishi zilikuwa zinapiga kama mabawa. Mtu yeyote angeweza kuinuka kufungua dirisha, na wote wangemshukuru.

"Waliovaa meupe," mchungaji alisema, "simameni mmoja mmoja mkawataje."

"Celestine Rideau," Harlan alisema. Sauti yake ilivunjika katikati.

"Celestine Rideau," Ozella alisema kutoka mlangoni.

"Pearlie Cormier," Dewitt alilia, akashindwa kukaa, ikabidi ashikwe.

Majina yalizunguka kanisa zima. Mwisho Mama Eula akageuka kitini, akamgusa Clevon gotini. "Na wewe, mwanangu. Hata kama umevaa langu, mtaje marehemu. Anakusikia."

Clevon aliinuka nusu.

Alifungua mdomo.

Miezi kumi alikuwa amesimulia kifo kile. Jikoni, barazani, kwenye magari, mara ishirini au zaidi, na moshi wake na vilio vyake. Sasa kanisa limenyamaza linamngoja jina tu, siku ya mama, mbele ya Biblia. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Siwezi," alisema, akaketi.

"Maskini," wanawake walinong'ona.

Ozella hakunong'ona. Aliweka mkono wa kulia mgongoni, glavu imefumba ngumi. Akafumbua vidole viwili.

Wahudumu wa kanisa letu hawapigi kelele ibadani. Huongea kwa mikono, na ndivyo walivyofundishwa tangu enzi za bibi zao. Watatu walisogea kwenye milango. Mmoja alimwinamia mchungaji. Mchungaji akafunga Biblia, akasema sadaka itatangulia leo, na kwaya ikapokea.

Kwetu sahani haipitishwi kwenye mabenchi. Watu huinuka benchi kwa benchi, wakaandamana mpaka mezani wakiyumba kwa wimbo, wakazunguka, wakarudi. Benchi la tatu liliinuka. Harlan akaenda nalo. Mezani mhudumu alimshika kiwiko, na benchi la tatu likarudi bila yeye.

Clevon aliona. Alianza kuinuka.

"Kaa," Ozella alisema. Alikuwa ameshaketi kando yake, anajipepea. Nyuma ya upepeo, mdomo wa Colt ulikuwa unamgusa ubavuni. "Na hilo dirisha liache lilivyo."

"Dada Ozella..."

"Mama yako anaitwa nani?"

Kwaya iliimba ubeti mzima kabla hajajibu.

"Hattie."

"Yuko wapi?"

"Mobile. Ana miaka sitini na mmoja. Anashona." Alikuwa analia bila sauti. "Walinikamata na bunduki ya wizi. Pruitt akasema ama nije huku, ama nioze gerezani na mama afukuzwe nyumbani kwake. Hiyo habari ya moto waliitunga wao. Mimi nilisema tu."

"Ulisema vizuri. Tulikulisha kwa hiyo." Ozella alikaza bastola. Alimchukia kwa moyo wote, na alichukia zaidi kwamba alimwelewa. "Lucius amekufa jana. Sasa sema. Mpigaji yuko wapi?"

"Kiwanda cha mbao, ng'ambo ya barabara. Dari ya juu. Nikifungua, anapiga. Magari matatu yako nyuma ya ghala la barafu. Wakisikia mlio wanaingia na hati ya kupekua silaha. Watasema tulianza sisi."

"Na bunduki zetu?"

Bunduki za Walinzi zilikuwa chini ya mbao za mimbari, ndani ya birika la ubatizo, kavu mpaka sikukuu.

Clevon aliinamisha kichwa. "Nilikuwa zamu alfajiri. Nimetoa pini zote za kufyatulia. Ziko kisimani."

Bunduki ishirini, zote fimbo. Ozella alimwita Roosevelt kwa kidole.

"Mshikilie huyu. Akigusa dirisha, mvunje shingo. Na mwambie Mama Eula akina mama wafungue pochi zao."

*

Alitokea mlango wa nyuma, akapita kwenye makaburi, akaingia mtaroni. Gauni jeupe likawa tope mpaka kiunoni. Alipita chini ya kalvati ya barabara kwa kutambaa, akatokea kwenye lundo la maganda ya mbao.

Ngazi ya kiwanda ilikuwa na vidato ishirini na viwili. Cha ishirini na moja kililia.

Mpigaji aligeuka. Jitu la shingo nene, Remington yenye darubini imelazwa juu ya gunia, redio kando. Alimpiga Ozella teke la mkono na Colt ikadondoka ghorofa ya chini. Akamkaba koo kwa mikono miwili, akamwinua mpaka visigino vikaacha sakafu.

"Kumbe mmoja wa malaika," alisema huku anacheka.

Ozella aliona giza pembeni mwa macho. Mkono wake ulipanda kichwani, ukachomoa pini ya kofia. Inchi nane za chuma. Akamchoma sikioni mpaka kichwa cha pini.

Mikono ikalegea. Jitu lilirudi nyuma hatua tatu, linapapasa kichwa, na hatua ya nne haikuwa na sakafu. Lilianguka juu ya msumeno mkubwa wa magogo, na msumeno haukuhitaji kuwashwa.

Redio ikakoroma. Sauti ya Pruitt.

"Tai, vipi dirisha?"

Ozella alivuta pumzi kwa koo lililovimba.

"Tai, jibu. Dirisha?" Kimya. "Haya. Gari zote, ingieni. Tutamaliza kwa mkono."

Ozella alilala chali, akajigeuza, akaiweka Remington begani. Kwenye darubini mlango wa kanisa ulionekana karibu kama wa jirani. Pikapu mbili zikatokea nyuma ya ghala la barafu, na Plymouth ya kijivu ya Pruitt ikazifuata taratibu. Wanaume kumi wakaruka chini na bunduki.

Kwenye ngazi za kanisa walikuta akina mama wanane wazee, magauni meupe tupu, kofia kama keki za harusi.

"Pisheni!" askari wa mbele alipaza sauti. "Tuna hati!"

Mama Eula alifungua pochi. Akatoa leso. Akatoa pipi ya kikohozi, akaitia mdomoni. Kisha akatoa bastola ya Smith & Wesson.

"Bibi, weka chini hicho kitu."

"Mwanangu, nina miaka sabini na mmoja na kiuno kinaniuma. Mimi siinami kuweka kitu chini."

Askari aliinua bunduki.

Ozella alimpiga chini ya kofia.

Baada ya hapo hapakuwa na maneno. Pochi saba nyingine zilifunguka. Vioo vya pikapu vilimwagika, matairi yalipasuka, na mtu mmoja aliyekimbilia upande wa kisima alikutana na Dewitt Cormier, ambaye alimvunja taya kwa kitako cha bunduki isiyo na pini. Risasi za askari zilitoboa mlango na kumpiga Mama Eula mkononi. Alitukana kwa lugha ambayo hakuwahi kuitumia kanisani, akabadilisha mkono. Ozella alipiga, akavuta komeo, akapiga. Wanne walikuwa chini. Watano walijificha nyuma ya bodi za magari wakilia kama watoto.

Mlango wa pembeni ukafunguka kwa kishindo.

Clevon. Roosevelt alikuwa amelala sakafuni kukwepa risasi, na mtu wake akamponyoka. Alikimbia moja kwa moja kuelekea magari, mikono juu, ua jekundu kifuani.

"Mimi ni Kumi na Saba!" alipiga kelele, akitaja namba yake ya siri. "Bwana Pruitt! Waambie! Mimi ni Kumi na Saba!"

Askari mmoja alimgeukia.

Ozella aliona yote kwenye darubini. Pruitt alikuwa amechuchumaa nyuma ya Plymouth, hatua kumi tu. Alimwona Clevon. Alimtambua. Miezi kumi alikuwa amempa mikono ya siri na ahadi. Neno moja lingetosha.

Hakusema. Alitazama pembeni.

Askari alifyatua mara mbili, kwa sababu alichokiona yeye ni mtu mweusi mwenye suti anamkimbilia.

Ozella alimpata yule askari kabla ganda la pili halijagusa ardhi. Kisha akahamisha msalaba wa darubini kwenye paji la uso la Pruitt. Kidole kilikaza. Aliitaka risasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Akashusha darubini, akampiga risasi ya goti. Kesho mbele ya jaji palihitajika mtu wa kujibu maswali.

Pruitt alianguka anapiga mayowe. Waliobaki wakatupa bunduki.

*

Clevon alikuwa bado anapumua Ozella alipomfikia. Mama Eula alikuwa amemweka kichwa pajani, mkono wake mmoja umefungwa leso inayovuja.

"Ni kweli hayo anayoyasema?" kikongwe aliuliza. "Kwamba mama yake yu hai?"

"Kweli."

Mama Eula alifunga macho. Hakukitoa kile kichwa pajani.

"Saa nane," Clevon alisema. Damu ilimtoka puani. "Kila Sikukuu ya Mama nampigia saa nane. Namba iko kwenye pochi. Usimwambie nilikuwa nini."

"Mimi siahidi kitu," Ozella alisema.

Hakuwa na hakika kama alimsikia kabla ya kukata roho.

Saa nane kasoro dakika tano Ozella alisimama kwenye simu ya barabarani, mbele ya duka la Cormier, na gauni lake la tope. Ndani ya gari, mkoba wa Pruitt ulikuwa kwenye kiti cha nyuma na Pruitt mwenyewe kwenye buti, goti limefungwa kwa joho la kwaya. Harlan alikuwa mbele, mzima, na ua lake jeupe.

Simu iliita mara moja tu.

"Clevon? Leo umewahi, mwanangu! Kanisani wameniuliza, nikawaambia wangu hasahau, subirini mtaona."



"Si Clevon, mama. Naitwa Ozella. Nilikuwa naye kanisani Louisiana."

Upande wa pili mashine ya kushonea ilikuwa inalia. Ikanyamaza.

"Sema tu, binti yangu."

"Wamempiga risasi, mama. Watu wa sherifu. Alikuwa ameinua mikono."

Ukimya ule Ozella aliujua. Alikuwa nao nyumbani tangu Januari.

"Alivaa ua?" mwanamke aliuliza mwishowe, sauti ndogo kabisa.

"Alivaa. Nilimpa jeupe kwa kutojua, akalikataa. Akachukua jekundu kwa mkono wake."

"Ah," mama yake alisema. "Mwanangu huyo."

Ozella alingoja mpaka simu ilipokatwa upande ule. Akavua glavu zilizochafuka, akazitia kwenye pipa la taka, akachukua safi kwenye mkoba wake, akavaa. Kisha akaingia garini na kusukuma Winchester chini ya kiti.

"Umemwambia alikuwa nani?" Harlan aliuliza.

"Nimemwambia alikuwa mtoto wake."

Kutoka kwenye buti Pruitt aligonga akiomba maji. Ozella aliwasha gari, akarekebisha kioo, akashika barabara ya New Orleans.